UN Comtrade kwa wauza mbao wa Goma: ni ya bure, ila ina mitego

Mwenye depo ya mbao hapa Goma akitaka kujua ni nani amekuwa akivuta mbao ngumu zetu zaidi mwaka hadi mwaka, Kenya au Uganda, hana haja ya kumlipa mtu. UN Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, inampa jedwali hilo. Kiswahili hakimo, na kwenye simu safu zinabanana, tafuta kompyuta.

Kuuliza ni rahisi. Chagua takwimu za mwaka, upande wa uagizaji, kisha nchi inayotoa ripoti: Kenya ni 404, Uganda ni 800. Mshirika, yaani nchi mzigo ulikotoka, weka 180, ndiyo Kongo yetu. Ukiweka 178 umekwenda Brazzaville, na hakuna atakayekuonya.

Kazi yenyewe iko kwenye msimbo wa bidhaa. Mbao zilizopasuliwa, zenye unene unaozidi milimita 6, ziko 4407. Magogo ni 4403. Lakini 4407 nzima ina misonobari pia, basi ingia ndani. 4407.28 ni iroko, yaani muvula. 4407.27 ni sapeli. Libuyu inasumbua, kwa sababu jina hilo hapa hubeba zaidi ya mti mmoja wa jamii ya Entandrophragma: sapeli ina namba yake, ndugu yake aitwaye "sipo" hutupwa 4407.29, kapu la mbao nyingine za tropiki. Mtego mbaya kuliko yote ni 4407.21. Imeandikwa mahogani, lakini ni ile ya Amerika, Swietenia. Khaya, mahogani ya Afrika, mahali pake ni kapuni, 4407.29, na karani mwenye haraka hukosea hapo kirahisi. Tena mwaka 2022 mtiki ulitolewa 29 ukapewa 4407.23, kwa hiyo 29 ikishuka usikimbilie kusema soko limeanguka. Jumlisha 21 hadi 29 kila mwaka, utalala salama. Kaliptusi haimo humo, iko 4407.99.

Kiasi huja kwa kilo au kwa mita za ujazo, pengine ni makadirio tu. Ubao wa sentimita 5 kwa 30, urefu mita 4, ni mita za ujazo 0.06, muvula mkavu una kilo 650 hivi kwa mita ya ujazo, basi ubao huo ni kama kilo 39. Mbichi huzidi hapo sana. Gawanya thamani kwa ujazo: ukipata dola 5 au dola 9,000 kwa mita moja ya ujazo, mwaka huo uweke kando.

Halafu nchi hizi mbili hazinunui kwa namna moja. Kenya husukumwa na sheria zake: ilibana ukataji katika misitu ya serikali 1999, ikapiga marufuku tena Februari 2018, rais akatangaza kuiondoa Julai 2023. Takwimu zake zisomwe na tarehe hizo mkononi. Uganda ni mnunuzi na ni barabara pia. Lori lililovuka Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, laweza kushusha Kampala au kuendelea hadi Nairobi, na Kenya ikaandika kwamba mzigo umetoka Uganda. Fungua basi Kenya kwa mshirika 800 pia, la sivyo itaonekana inanunua kidogo kuliko ilivyo.

Mbao zilizovuka bila karatasi hazimo kabisa, na si chache. Comtrade naipa nyota tatu kati ya tano. Kwa mwelekeo wa miaka kumi inatosha. Kwa bei ya wiki ijayo, mpigie simu mtu aliyeko Kasindi.