Gabari ya tundu na ulimi niliyouziwa mjini: kifundo cha plastiki na kiburi juu

Nianze na kifundo, maana ndicho kilichonitia hasira yote hii. Gabari, yaani kifaa kinachoongoza mashine ichimbe tundu ambamo ulimi wa ubao mwingine unaingia, nzima ni chuma na alumini, ukiinyanyua unasikia uzito wake, unasema hapa kuna kitu. Halafu kile kifundo kinachokaza kizuizi cha pembeni, kizuizi chenyewe kinachoamua defonseze, mashine ya kuchimbia mbao, iishie wapi, wamekitengeneza kwa plastiki. Plastiki! Kwenye mashine inayotetemeka namna ile!

Nilikuwa na kazi ya milango ya mukula. Fundi wa Lubumbashi anaujua mti huu: mgumu, unakula makali ya patasi, na umekatwa mno hadi CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ikauingiza kwenye orodha yake mwaka 2019. Si mbao ya kufanyia majaribio. Unene milimita 36, tundu milimita 12, theluthi moja kama tulivyofundishwa sote. Nikakaza kila kitu, nikawa nashusha fraizi, ile ncha inayokata, kidogo kidogo, milimita tatu, nne, napuliza vumbi, nashusha tena. Tundu la kwanza likatoka safi, kuta laini, chini pamelingana. Nikasema pesa yangu imekwenda mahali pake.

Lililofuata, kizuizi kikateleza. Huwezi kusikia, mota inafunika kila kitu. Unakuja kuona umeshainua mashine: tundu limepita alama kwa upana wa kidole, limekula pale ambapo bega la ulimi lilitakiwa kukaa. Ulimi ukiuingiza unacheza. Kifundo ukikigeuza kinazunguka tu, nyuzi za ndani zimesagika.

Nikarudi dukani na risiti. Muuzaji, kijana wa umri wa kuwa mwanangu, hakuniamkia. Aliigusa gabari kwa ncha ya kidole, akaliona lile vumbi jekundu la mukula, akajipangusa kwenye karatasi. "Papa, hii ulishatumia." Sasa nilinunua nikaitundike ukutani? Nikamwonyesha kifundo. "Bintu ya bazungu hii, papa. Ninyi ba Katuba munakaza sawa vile munafunga pine ya kamio." Katuba ni mtaa wetu, kamio ni lori. Na patroni wake yuko pale pale nyuma ya kaunta, anacheka!

Ni kijana yule yule aliyeniapia siku ya kununua kwamba fraizi ya ndani ya boksi itaingia kwenye defonseze yangu, "zote ni sita". Mkia wake, sehemu inayobanwa ndani ya mashine, ni robo inchi, milimita 6.35. Mimi nina pinsi, kibanio cha mkia, ya 6 na ya 8. Kwenye moja haiingii, kwenye nyingine haishikwi. Hilo nililinyamazia, nikatafuta fraizi nyingine.

Kwa hiyo msinunue. Ndivyo nilivyotaka kuandika, niishie hapo.

Ila jirani yangu anayechonga vyuma aliking'oa kile kifundo, akaweka buloni, yaani bolti, ya chuma. Tangu hapo kizuizi kikikazwa kimekazwa. Milango imesimama kwa mteja na hakuna ulimi uliohitaji kabari. Ncha za tundu zinatoka duara, lakini hiyo ni tabia ya fraizi yoyote. Wengine wanazinyoosha kwa patasi, mimi naviringisha kingo za ulimi kwa tupa, naona ni haraka zaidi. Domino ya Festool, ile mashine inayochimba tundu yenyewe bila gabari, naijua, mashine safi, bei yake si ya atelye ya Katuba.

Anayekwenda kuchagua yake aende na defonseze mkononi, aone kama pete ya kuongozea inakaa bila kuchezacheza. Kaza vifundo vyote, fungua, kaza tena, mbele ya muuzaji. Bana kipande cha mbao ndani, kisukume kwa nguvu zako zote. Wakikuzuia, toka.

Je, ni nzuri? Wiki ile ningesema takataka. Leo nasema nzuri, nzuri sana, kwa pesa ile sikutegemea. Hapana, tusizidishe: kitu kinachopitia kwanza kwa mchonga vyuma ndipo kifanye kazi, kiwandani walikiacha njiani. Na ule ubao wa mukula atanilipa nani, yule aliyekuwa anacheka?

Anayejua duka lingine hapa mjini lenye fraizi nyoofu ya milimita 12, mkia wa 8, aniambie. Pale sirudi, hata wakigawa bure.