Simulizi ya vita tamu kupindukia, muuzaji hana adabu

Yule kijana anayeuza simulizi kwa WhatsApp hapa Mwanza, ile ya vita vya watu waliotengenezwa maabara, msimtumie hela. Unatuma hela na ya kutolea juu, halafu unaletewa kitu kina pengo.

Na pengo liko pabaya. Kwa ambao hamjaisoma: kampuni imeunda aina mbili za binadamu kwa kazi ya vita. Wa kwanza wana matamvua, makao yao majini. Wa pili wameongezewa damu ya kuhimili milima mirefu isiyo na hewa ya kutosha. Mikataba ya serikali ilipokwisha, kampuni ikaona biashara iliyobaki ni kuwapiganisha wao kwa wao, kila upande ukiambiwa wale wengine si watu. Mtunzi haparamii mabomu. Anakuonyesha askari wa majini ngozi ikimpasuka nchi kavu, na daktari wa kikosi akimwangalia majeruhi anakufa kwa kuwa damu iliyopo ni ya aina ile nyingine. Nilikuwa naisoma pale mwaloni Kirumba nikisubiri dagaa, mteja ananiuliza bei simsikii.

Sasa sehemu ya 30 inaishia majeshi yanaingia kwenye maji ya tope. Hawa watu wanatambuana kwa ngozi, wekundu na wa bluu, na kwenye tope rangi haionekani. Sisi wa Ziwa Victoria tunajua hilo wazo limetoka wapi. Ni furu wetu, wale samaki wadogo wa ziwani! Watafiti waliofanya kazi Ghuba ya Mwanza waliandika mwaka 1997 kwamba jike la furu humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, wekundu na wa bluu hawachanganyiki. Yakichafuka, wanazaliana ovyo na aina zinapotea. Mmoja wa hao wekundu jina lake la kisayansi limetokana na Mwalimu Nyerere. Na hapo bado sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, ambaye kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawamaliza furu wa aina nyingi sana. Mtunzi amelichukua jambo letu akalivika magwanda, na amelichukua kwa heshima.

Nafungua inayofuata, ni ya 34. Vita imekwisha. Kamanda wa majini, mwanamke, amebeba mtoto mgongoni, na mtoto huyo si wa aina yake wala ya adui. Hawa watu waliundwa wasizaane! Nini kimetokea kwenye tope?

Nikamwandikia muuzaji kistaarabu kabisa: "Habari za leo kaka, naomba sehemu ya 31 hadi 33, nadhani zimesahaulika." Tiki zikawa za bluu, kimya. Baadaye sana ndiyo jibu likaja: "We mama soma ulichopewa. Unataka nyingine ongeza buku mbili."

We mama! Mtoto ambaye ningeweza kumzaa. Hakuna shikamoo, hakuna pole, hakuna samahani. Nikamjibu, mwanangu, mimi nililipia simulizi nzima. Akanitoa kundini. Mtu mzima natolewa kama mwizi, na hela yangu anayo.

Nimesema msimtumie hela. Lakini mtunzi kakosa nini? Sijasoma simulizi ya kivita ya Kiswahili iliyoumiza kichwa kiasi hiki kujua kwa nini watu wanauana. Basi nunueni, ila dai sehemu zote zikae mbele ya macho yako kwanza, ndipo ulipe. Au hapana, kila nikilikumbuka lile "we mama" nasema asipewe hata mia.

Jana nimempa binti yangu hela anunue kwa namba yake. Zikija hizo tatu nazisoma usiku huohuo. Radhi bado hajaniomba.