Boti ya usiku ya Kibirizi: taa za wavuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika

Huduma ninayoieleza hapa ni ya boti ya kukodi inayoondoka ufukwe wa Kibirizi, mjini Kigoma, baada ya jua kuzama, ili kuwaonyesha wageni uvuvi wa dagaa. Wageni wengi hufika Kibirizi kutafuta usafiri wa kwenda kuwaona sokwe wa Gombe, kisha usiku hujifungia hotelini, na kwa hakika wanalikosa tukio ambalo sijaona mfano wake kwingine nchini.

Boti ikishaiacha pwani, taa hutokea mbele kwa wingi kiasi kwamba asiyeujua uvuvi huu hudhani ameuona mji wa ng'ambo ya Kongo. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi nyingi ni za betri na sola. Usiku viumbe vidogo vya majini hupanda karibu na uso wa ziwa, dagaa huvifuata, migebuka nao huwafuata dagaa, na mwanga huwakusanya wote juu ya wavu uliotandwa chini ya mitumbwi iliyoungwa pamoja kwa miti. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, lakini maji yake ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wote hao wanaishi katika tabaka la juu tu. Nahodha alituelezea hayo vizuri, kisha akazima injini na taa yetu, mbali kidogo na wavuvi ili tusiwaharibie kazi. Hapo ndipo nilipousikia wavu ukipanda na dagaa wakirukaruka ndani yake, huku radi za upande wa Kongo zikimulika milima bila sauti yoyote kutufikia. Kwa uamuzi huo mmoja wa kuzima injini, nahodha anastahili sifa kamili.

Upungufu upo, tena si mdogo. Majaketi ya kuokolea maisha yalitosha idadi yetu, lakini baadhi yalikuwa na mikanda iliyokatika, jambo lisilovumilika usiku katika ziwa lenye kina kama hiki. Aidha, mhudumu wa ufukweni hupokea malipo kwa tarehe yoyote bila kumtahadharisha mteja kuhusu mbalamwezi, ilhali mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa na wavuvi wengi hupumzika. Vilevile uvuvi huweza kusitishwa kwa muda, kama ilivyofanyika mwaka 2024 kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane.

Naipendekeza huduma hii kwa moyo wote, kwa masharti kwamba uchague siku za giza, ulizie kwanza hali ya upepo wa kusi, na ukague jaketi lako kabla ya kutoa fedha.