Niliifundisha herufi moja moja, toleo jipya likaikataa kazi yote

"Faili la mafunzo halitambuliki." Hicho ndicho nilichojibiwa na skrini mara tu nilipokubali toleo jipya la programu ya kusoma maandishi kwenye picha, tena programu ya kulipia, na mpaka sasa nikikumbuka damu inanichemka. Jioni nyingi mno zilikuwa ndani ya faili lile. Programu sitaitaja jina. Wala sitakaa hapa kueleza inafungua mafaili ya aina gani au inataka kompyuta yenye nguvu kiasi gani. Hayo wameyaandika wenyewe na mengi ni ya kweli. Yangu ni moja tu: ile sehemu yake ya kufundishwa herufi.

Anayeskani barua iliyochapwa jana kwa printa nzuri hana haja na sehemu hiyo. Mimi nilikuwa na kitabu cha Kiswahili cha zamani, kilichopigwa chapa kwa herufi za risasi, kisichopatikana tena madukani, na nilitaka maneno yake yaingie kwenye kompyuta ili yasomeke na kutafutika. Karatasi imegeuka rangi, wino umetambaa. Tundu la e limejaa wino hadi limekuwa kama c. Miguu ya h imegusana chini ikawa b. Mgongo wa m umekatika, ukiitazama haraka unaona r na n. Kabla ya mafunzo yoyote, "mwana" ilitoka "rnwana" na "hebu" ikatoka "bcbu". Kuhusu ng' ndiyo msiniulize. Ile ritifaa mara inatoweka, mara inageuka i, mara inakuwa alama za kufungulia usemi. Ukurasa mzima wa ng'ombe na ng'ambo ulitoka kama umemwagiwa mchanga.

Nilijaribu kwanza kuiachia programu itumie kamusi yake. Programu hizi zikishuku herufi hukimbilia orodha ya maneno zinayoyajua, zikachagua lililo karibu. Kwa Kiswahili hapo ndipo mambo yanapozidi kuharibika. Kitenzi kimoja hubeba viambishi mbele na nyuma: hawakutuandikia, nitakapomwandikia, tusingeandikiana. Orodha gani itayaweka yote hayo? Basi neno lililosomwa sawasawa, herufi kwa herufi, linatupwa na kuwekwa jingine fupi ambalo programu inalijua. Nikaizima kamusi. Nikaamua kuifundisha maumbo yenyewe.

Na hapa lazima niseme haki, maana ndiyo inayoniumiza zaidi. Sehemu ile ya mafunzo ilitengenezwa na mtu anayejua kazi. Dirisha linafunguka, kipande cha ukurasa kinaonekana kimekuzwa, kisanduku chekundu kinazunguka umbo moja, na chini yake pana nafasi ya kuandika. Ikikuletea nusu ya m ikidhani ni r, unaushika ukingo wa kulia wa kisanduku na kuuvuta taratibu mpaka mguu wa mwisho uingie ndani, unaandika m, unabonyeza, inasogea kwenye umbo linalofuata. Hakuna kukimbia hapo. Ukiipa nusu jina la nzima, kurasa zijazo kila r itasomwa m na utaondoka umeharibu kuliko ulivyokuta. Doa la wino nalo usilipe jina lolote, lirukwe tu. Halafu kuna hili lililonifurahisha kupita kiasi: kisanduku kiliweza kutanuliwa kikameza n, g na ritifaa kwa pamoja, nikaifundisha ng' kama umbo moja. Nilizifundisha zilizonyooka, zilizofifia, na zile ambazo ritifaa yake imebaki nukta.

Nilipoipa kurasa ambazo haijawahi kuziona, ilizisoma. Nilikaa nikishusha macho mstari baada ya mstari, nalinganisha na kitabu, na ng' zangu zilikuwa pale zote, ritifaa imekaa mahali pake. Nilimwita mtu wa nyumbani aje aone. Siku ile ungeniuliza, ningekwambia nunua leo hii, usingoje kesho.

Kisha likaja toleo jipya. Ilikuwa mwaka jana, au mwishoni mwa ule wa kabla yake. Tangazo lilisema usomaji umeboreshwa na kasi imeongezeka. Halikuwa na neno hata moja kuhusu mafunzo ya mtumiaji. Nikakubali, programu ikajifunga, ikafunguka ikiwa na sura mpya, nikaliita faili langu. Halitambuliki. Faili lipo pale pale lilipokuwa, ukubwa wake ni ule ule, lakini limefungwa kwa namna yao wenyewe na hakuna programu nyingine chini ya jua inayoweza kulifungua. Nikataka kurudi kwenye toleo la zamani. Leseni ilikwisha kuhamishiwa jipya, la zamani likakataa kuwaka.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, nikaambatisha picha ya skrini. Jibu lilikuja upesi: "Ndugu mteja, mafunzo ya toleo lililopita hayaendani na injini mpya. Tafadhali fundisha upya." Injini ndiyo ile sehemu ya ndani inayofanya usomaji wenyewe. Nikauliza tena. Zile picha za herufi nilizozikata, na majina niliyozipa, je, haziwezi kutolewa nje ili niziingize upya bila kuanza mwanzo? Maana kazi ile ni yangu, wao walinipa kisanduku tu. Jibu la pili: "Mteja anaweza kufundisha upya wakati wowote." Swali langu halikuguswa kabisa.

La tatu ndilo lililonikata maini. Nilieleza kwamba ni kitabu cha Kiswahili, kwamba ng' isiposomwa vizuri maandishi hayafai, kwamba nilikwisha kulitatua hilo na wao ndio wamelirudisha. Mtu yule, ambaye hakuweka hata jina lake, akaandika kwamba kwa lugha isiyo na watumiaji wengi wanashauri kutumia mpangilio wa Kiingereza kisha kurekebisha kwa mkono. Akalifunga shauri, likaandikwa kuwa limetatuliwa.

Lugha isiyo na watumiaji wengi! Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na UNESCO imeitengea siku yake duniani, tarehe 7 Julai. Mtu anayeuza programu ya kusoma maandishi anawezaje kuandika hivyo? Na ushauri wenyewe ni wa mtu ambaye hajawahi kuujaribu. Ukiipa programu Kiingereza, inaanza kuzisaka q na x ambazo Kiswahili hakizitumii, inageuza maneno yetu kuwa yao, na ritifaa ikiikuta katikati ya ng na ombe inaona uchafu tu. Kurekebisha kwa mkono kitabu kizima ndiko nilikokuwa nakukimbia tangu mwanzo.

Wapo watakaosema injini zikibadilika mafunzo ya zamani hayawezi kufaa, ndivyo teknolojia ilivyo. Kwa sehemu nakubali. Tesseract, programu ya bure ya kusoma maandishi kwenye picha, nayo ilipitia hayo. Hiyo ilianzia kampuni ya Hewlett-Packard kati ya mwaka 1985 na 1994, ikawekwa wazi kwa watu wote mwaka 2005, na Google ikaiendeleza kuanzia 2006. Zamani ilifundishwa kwa visanduku, herufi moja moja. Toleo la 4, lililotoka mwaka 2018, likaleta mtandao wa neva, yaani injini inayojifunza kwa kuonyeshwa mifano mingi, unaosoma mstari mzima kwa mkupuo mmoja, na mafunzo ya zamani hayakuweza kuingia kwenye injini hiyo mpya. Lakini injini ya zamani hawakuitupa. Waliiacha ndani, unaiita kwa amri unapoihitaji. Na hata wangeitupa, picha zako na maandishi yako yako mikononi mwako, ni mafaili ya kawaida. Waliofanya kazi bure walimfikiria mtumiaji. Waliochukua hela yangu hawakumfikiria.

Huko ndiko nilikohamia, na sitawadanganya kwamba ni mteremko. Hakuna dirisha wala kisanduku cha kuvuta. Unaandika amri, na ukikosea nukta moja unapata ujumbe ambao hata ukiusoma mara ngapi haukwambii ufanye nini. Ukurasa uuskani kwa nukta 300 kwa inchi, uukate mstari mmoja mmoja, na kila picha ya mstari iwe na faili la maandishi lenye jina lile lile linaloishia na .gt.txt, ndani yake yameandikwa maneno ya mstari huo kama yalivyo kwenye karatasi, hata kosa la mpiga chapa liachwe. Modeli ya Kiswahili ya kuanzia, yaani faili la yale ambayo programu imekwisha kujifunza, ipo, inaitwa swa, ila ichukuliwe kwenye mkusanyiko wa tessdata_best. Ile ya mkusanyiko wa haraka, tessdata_fast, imepunguzwa namba zake ili iende kasi, na haifundishiki tena. Kuhusu ritifaa, amua mapema: iliyonyooka na iliyopinda kwa jicho letu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na ukizichanganya kwenye maandishi ya kufundishia usishangae ikikuchanganyia. Mistari mingine iweke kando isiguswe kabisa na mafunzo. Hiyo ndiyo ya kupimia. Ukipimia kwa mistari iliyofundishiwa, utapata alama nzuri zisizo na maana, kwa sababu imeikariri. Na asilimia 99 isikupumbaze: ukurasa wa herufi 2,000 uliosomwa kwa usahihi huo bado una makosa 20, na kama yote yameangukia ng', bado una kazi.

Sasa swali ambalo mtauliza: ipi inasoma vizuri zaidi? Jibu langu silipendi. Kwenye kurasa mbovu kabisa, zile za mwisho wa kitabu ambapo unyevu ulipita, ile ya kulipia pamoja na faili langu la zamani ilikuwa mbele. Nililinganisha na kurasa nilizokuwa nimezihifadhi kabla ya toleo jipya, na Tesseract yangu bado haijafika pale. Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimekusudia kusema kwamba mwenye kitabu kimoja tu, atakayekimaliza kabla tangazo la toleo jipya halijamfikia, anaweza kuinunua na akaridhika. Lakini kadiri ninavyoandika naona siwezi. Nitamwambiaje mtu aweke jioni zake mahali ambapo mwenye mlango anaweza kubadilisha kufuli akamwambia aanze upya, halafu akamtukania na lugha yake? Usinunue.

Kama tayari unayo, zima kujisasisha kwenyewe sasa hivi, kabla hujafunga kompyuta. Kisha kila ukurasa uliousoma vizuri uhifadhi picha yake na maandishi yake yaliyosahihishwa kama mafaili ya kawaida, nje ya programu. Hayo ndiyo yatakayokufaa popote utakapokwenda, na mimi yale machache niliyokuwa nayo ndiyo yaliyonianzishia Tesseract.

Nimewaandikia tena juzi juzi. Sikuomba hela yangu, niliomba waweke njia ya kutoa nje herufi ambazo mtumiaji amefundisha, picha na jina lake, basi. Na huyo aliyeniandikia kuhusu lugha isiyo na watumiaji wengi aniombe radhi kwa maandishi. Wakiyafanya hayo mawili nitaipa nyota nne, maana kile kisanduku chao ni kizuri. Kwa sasa ina moja.