Jukwaa au televisheni? Tumtazame William Shatner

Mabishano haya hayaishi: mwigizaji ashike jukwaa au akimbilie televisheni? Shatner, mwigizaji wa Kanada aliyezaliwa Montreal mwaka 1931, ameonja vyote viwili.

Kwa kujifunza kazi, jukwaa liko mbele. Mwaka 1956, kwenye tamasha la Stratford, Ontario, mwigizaji Christopher Plummer, aliyecheza mfalme katika tamthilia ya Shakespeare ya Henry V, alishikwa na jiwe la figo. Shatner, mwigizaji wake wa akiba, akapandishwa jukwaani ghafla. Plummer alisimulia baadaye kwamba pale yeye aliposimama, kijana aliketi. Hakumwiga, na hapo ndipo alipomtambua kuwa ni nyota. Kamera haikupi mtihani wa namna hiyo, ukikosea, mnarudia.

Kwa jina, televisheni haina mpinzani. Star Trek, mfululizo wa safari za angani ambamo Shatner alicheza nahodha wa chombo, ilirushwa 1966 hadi 1969, vipindi 79, na sura ya Shatner ikajulikana dunia nzima.

Uhakika wa kipato je? Hapa wapenzi wa televisheni huwa wananyamaza. Mfululizo ulipokatwa, nahodha wa chombo cha angani akawa analala kwenye gari la kambi, akizunguka na tamthilia za kiangazi. Jukwaa lilimlisha, ingawa kwa kijiko kidogo. Tuzo za Emmy, za televisheni, zilikuja 2004 na 2005, akiwa ameshapita miaka 70.

Kama huna wa kumlisha na sauti bado inakomaa, anza jukwaani. Kama kodi ya nyumba inagonga mlango, saini mkataba wa televisheni, lakini usiache kukariri mistari.