Darasa la mara moja, au yadi ya kila alfajiri?

Dereva wa semitrela anayepiga Dar es Salaam hadi Tunduma anaweza kuandaliwa kwa ukaguzi wa barabarani kwa njia mbili: kuketishwa darasani siku moja, au kukagua gari yadini kabla ya kila safari, fundi akiwa pembeni yake.

Darasa lina kazi yake. Sheria huingia vizuri mtu akiwa ametulia: kwamba ndani ya Afrika Mashariki uzito wote usizidi tani 56, na kwamba ekseli moja (mhimili wa magurudumu) iliyoelemewa inaweza kukuponza mizani ya Vigwaza hata kama jumla iko sawa. Hapo pia hufundishwa namna ya kuongea na trafiki, leseni, bima na karatasi za mzigo zikiwa mkononi.

Lakini breki huwezi kuzifundisha kwa picha. Yadini dereva hujaza upepo unaoendesha breki, huzima injini, hukanyaga pedeli na kuishikilia huku akitazama geji. Upepo ukishuka, tandiboi, msaidizi wa dereva, hutembea kando ya trela akisikiliza mpira wa breki unaovuja. Kisha huinama kwenye tairi za ndani, kule ambako kipara hakionekani ukiwa umesimama, na kugusa nati moja moja. Aliyefanya hivyo alfajiri hababaiki akisimamishwa, na muhimu zaidi, mteremko mkali wa Kitonga haumkuti na breki mbovu.

Pesa ikitosha njia moja tu, nachagua yadi. Mambo ya karatasi yanafundishika kwa nusu saa, hata palepale kwenye ngazi ya lori.