Matembezi ya hoteli kongwe za Mombasa: njia safi, kuta zimepitwa mbio

Matembezi haya nimeyafanya mara mbili, Januari na Julai, kiongozi yuleyule. Ni mwendo wa kama saa mbili, shilingi 1,500 kwa mtu: mnaanzia Fort Jesus, mnakata Mji wa Kale, mnatokea Moi Avenue. Nayapa nyota 4 kati ya 5.

Uzuri wake ni njia, kwa sababu inafuata jinsi hoteli zenyewe zilivyohama. Kituo cha kwanza ni jengo la Africa Hotel, Mbarak Hinawy Road, barabara iliyokuwa ikiitwa Vasco da Gama. Ni miongoni mwa hoteli za mwanzo mjini, na ukisimama pale unaelewa kwa nini ilijengwa hapo: Bandari ya Kale iko karibu, na wageni walikuwa wakishukia huko. Ujenzi wa reli ulipoanza 1896, wageni wakazidi. Kisha meli kubwa zikahamia Kilindini, mabenki na ofisi zikasogea Treasury Square, hoteli nazo zikafuata biashara. Ndiyo maana hoteli ya Castle, ya 1909, iko Moi Avenue, iliyokuwa Kilindini Road. Siku hizo mwenye uwezo alipanda ghari, kigari chenye paa kilichosukumwa na watu juu ya reli nyembamba. Sehemu hii kiongozi ameishika barabara, na peke yake inatosha kulipia pesa.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya kuta. Ukimuuliza kiongozi nyumba za Mji wa Kale zimejengwa na nani, jibu lake ni "Wareno". Si kweli. Wareno walijenga ngome ya Fort Jesus, 1593 hadi 1596. Nyumba nyingi unazoziona kwenye vichochoro vile ni za karne ya 19 na mwanzo wa 20, kazi ya mafundi wa hapa na wa Kihindi, na historia yao inasomeka kwenye jiwe na mti.

Mwombe asimame penye ukuta uliopigwa plasta ya simiti. Upo mmoja kando ya mlango, kuanzia goti hadi kiunoni plasta imebanduka vipande vizima. Nyuma yake ni jiwe la matumbawe lenye vitundu, na juu ya jiwe kuna unga mweupe. Uguse kwa kidole uuonje: ni chumvi. Maji hupanda kutoka chini yakiwa na chumvi. Plasta ya chokaa huyaacha yatoke hewani, lakini simiti huyafungia ndani, chumvi ikaganda nyuma yake na kuisukuma hadi ianguke. Kuongeza simiti juu ya simiti ni kuupandisha unyevu juu zaidi ukutani. Dawa ni kuibandua yote, kuipangusa chumvi kwa brashi kavu (ukiosha kwa maji unairudisha ndani), kisha kupiga chokaa, kipimo 1 kwa mchanga 3, tabaka mbili nyembamba, na kufunika kwa magunia mabichi siku kadhaa ili isikauke haraka ikapasuka.

Halafu tazama juu. Dari ya kale hushikwa na boriti za mikoko, unene wa sentimita 11 hadi 14, na kwa vile mti huo hauvuki mbali bila kupinda, chumba hakizidi sana mita 3 kwa upana. Ukiona ukumbi mpana kuliko hapo, tafuta mihimili ya chuma iliyokuja na meli. Ufa mrefu ulionyooka darini maana yake chuma kinaota kutu na kuvimba. Mambo haya kiongozi anayapita mbio, lakini ukimuuliza mapema atapunguza mwendo, ni mtu msikivu.

Anza saa kumi jioni, hasa wakati wa kaskazi, kwani adhuhuri ya Januari vichochoro havina upepo. Ijumaa mchana iache, watu wanaenda msikitini. Vaa viatu visivyoteleza, ngazi ni za wima. Piga hodi kabla ya kuingia uani au kupiga picha ya roshani, kwani chini ni maduka na juu wanakaa watu na familia zao. Ukiwa na watoto, muishie Treasury Square. Kutoka hapo hadi Moi Avenue ni magari matupu na kivuli hakuna.